Barua ya wazi kwa Jaji Mkuu: Msiamue dhamana ya mtu ambaye hamjamwona

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu,
Mwenyekiti wa Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki,
Nairobi.

Nakala: Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Inspekta Jenerali wa Polisi, Kamishna Jenerali wa Magereza, Mkurugenzi wa Probesheni.

Mheshimiwa,

KUH: MSHTAKIWA KUTOKUWEPO MAHAKAMANI DHAMANA YAKE INAPOAMULIWA

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, niliyefundisha shule za msingi za pwani kwa miaka thelathini na mmoja. Si wakili. Katiba ya 2010 nimeisoma vile nilivyowasomesha watoto ufahamu: sentensi kwa sentensi, na kila neno nikiuliza limewekwa pale kwa kazi gani.

Barua hii si ya kwanza. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono wangu katika mahakama yenyewe, ikagongwa muhuri. Ya pili niliipeleka kwenye dawati la malalamiko, nikapewa nambari. Ya tatu niliwaandikia wanaokaa katika kamati ya watumiaji wa mahakama, nikaambiwa nitajibiwa baada ya kikao kijacho. Vikao viwili vimeshapita. Karani mmoja, kijana niliyemfundisha darasa la saba, alinisindikiza hadi langoni akaniambia kwa upole, "Mwalimu, hayo mbona ni mambo ya kawaida." Neno hilo "kawaida" ndilo lililonirudisha nyumbani kuandika hadharani. Mahakama sitaitaja wala hakimu sitamtaja. Kesi bado ipo, na isitoshe sitafuti mtu wa kuadhibiwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Mpwa wangu, mwana wa dada yangu, ni mwendeshaji bodaboda. Alikamatwa Ijumaa jioni akidaiwa kupatikana na pikipiki ya wizi. Jumatatu alifikishwa mahakamani, na hapo sina lalama: Katiba inasema saa 24, na zikiishia siku ambayo mahakama haikai, basi siku ya kwanza ya kazi. Akasomewa shtaka, akakana. Hakimu akaagiza afisa wa probesheni, yule anayechunguza habari za mshtakiwa na za kwao, aandae ripoti ya dhamana, kijana akapelekwa rumande, kesi itajwe baada ya siku kumi na nne.

Siku ya kumi na nne nilikuwa pale tangu saa mbili asubuhi, na barua ya naibu wa chifu mfukoni. Lori la magereza lilikuja, likashusha watu, mpwa wangu hakuwamo. Faili lilipoitwa, karani akasema: "Mahabusu hajaletwa." Nilidhani tutaambiwa turudi kesho. La. Kiongozi wa mashtaka alisimama akasoma hati ya kiapo ya afisa mpelelezi iliyosema mshtakiwa hana makao maalumu na huenda akatoroka. Ripoti ya probesheni ilisema mawasiliano na jamaa hayakupatikana. Mimi, jamaa mwenyewe, nilikuwa nimeketi benchi la tatu. Niliinua mkono kama mwanafunzi. Askari akaniashiria niushushe. Dhamana ikawekwa: bondi ya Sh500,000 na mdhamini wa kiasi hichohicho, au pesa taslimu Sh200,000. Tarehe ya kutajwa tena, baada ya mwezi.

Mpwa wangu alijua kiasi cha dhamana yake siku tatu baadaye, mimi ndiye niliyemweleza nilipokwenda kumwona. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mjomba, nani aliwaambia sina kwetu?"

Kwao ni nyumba aliyozaliwa. Anaishi na bibi yake, mama yangu mzazi, ambaye tangu mwanzo wa mwaka aliokamatwa kijana hawezi kutoka kitandani bila kushikwa. Mzee wa nyumba kumi anamjua, mwenyekiti wa steji anamjua, muuza mahamri anamdai. Swali moja tu la hakimu, "Unakaa wapi, kijana?", lingetosha. Alikaa rumande siku 71. Siku ile alipoletwa hatimaye, mbele ya hakimu mwingine, akasimama kizimbani akajieleza kwa kinywa chake, na naibu wa chifu akathibitisha, dhamana ilishushwa hadi Sh30,000 taslimu. Shughuli nzima haikufika robo saa. Tuliuza mbuzi wawili, wenzake wa steji wakachanga zilizobaki, akatoka jioni ileile.

Mheshimiwa, kutokana na hayo nina hoja tano.

1. Kinachopimwa katika kusikiza dhamana ni mtu.

Kifungu cha 123A cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, kinaitajia mahakama mambo ya kuangalia: uzito wa kosa, tabia ya mtu, historia yake, anaoshirikiana nao na mizizi yake katika jamii, kama aliwahi kupewa dhamana akaitimiza au akaitupa, na nguvu za ushahidi. Uyatazame vizuri. Ukiondoa la kwanza na la mwisho, yote yaliyobaki anayejua habari zake kuliko mtu mwingine yeyote ni yule aliyeachwa rumande. Mpelelezi amemjua kwa wiki mbili. Afisa wa probesheni, akibahatika, kwa nusu saa. Na Katiba, Kifungu cha 49(1)(h), imeweka uzito upande wa pili: mtu huachiliwa kwa masharti ya kadiri isipokuwa kuna sababu nzito za kumzuia. Sababu nzito huletwa na anayepinga. Ila ikiletwa mbele ya kizimba kitupu, ni nani wa kuuliza kama ni nzito kweli au ni karatasi tu?

2. "Hii si kesi, ni ombi tu."

Hili niliambiwa zaidi ya mara moja, na nakiri lina mshiko wa maneno. Kifungu cha 50(2)(f) kinampa mshtakiwa haki ya kuwepo wakati kesi yake inaposikizwa, isipokuwa mwenendo wake mwenyewe uifanye kesi isiweze kuendelea. Wanaonijibu husema: dhamana huja kabla ya kesi, kwa hiyo haki hiyo bado haijaanza.

Basi tusome yaliyo jirani. Kifungu cha 50(1) kinampa kila mtu haki ya mzozo wowote unaoweza kutatuliwa kisheria kuamuliwa katika kikao cha haki na cha wazi. Hakikusema mzozo wa hatia peke yake. Kuna mzozo gani wa kisheria ulio mkubwa kwa kijana wa bodaboda kuliko alale kwao au alale sakafu ya rumande? Tena kuna Kifungu cha 36A cha Sura ya 75, kilichoingizwa mwaka 2014. Polisi wanaotaka kumzuilia mshukiwa zaidi ya saa 24 kabla ya kumshtaki, sheria inawataka wamfikishe huyo mshukiwa mbele ya mahakama na waombe kwa maandishi. Mambo mawili: mtu, na karatasi. Sasa, ikiwa polisi wakiomba siku saba ni lazima waje na mtu, vipi mtu huyohuyo akishashtakiwa anaweza kufungiwa miezi bila kuonekana? Sijapata anayenijibu swali hilo.

3. Mwili nao ni ushahidi.

Kenya iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1972, na Kifungu cha 2(6) cha Katiba yetu kinaufanya kuwa sehemu ya sheria zetu. Ibara ya 9 ya Mkataba huo inataka mtu aliyekamatwa kwa kosa la jinai afikishwe upesi mbele ya hakimu. Mwaka 2014 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika Maoni ya Jumla Nambari 35, ilifafanua kwamba maana yake ni kufika kwa mwili wake, na ikatoa sababu: akifika, hakimu hupata nafasi ya kuuliza alivyotendewa huko alikozuiliwa.

Mpwa wangu hakupigwa, namshukuru Mungu na nawashukuru waliomzuilia. Lakini rumande nilipokuwa nikienda kila Jumamosi nilimwona kijana wa watu mwenye mkono umefungwa kitambaa cha leso, kidole kimevimba hadi hakikunjiki. Mama yake aliniambia naye "hakuletwa" mara mbili mfululizo. Sijui kilichompata na sitamsingizia mtu. Najua kwamba hakimu angemwona angeuliza, na kwamba faili halina kidole.

4. Lugha.

Sheria inasema lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Hati ya kiapo iliyomfungia mpwa wangu mlango ilikuwa ya Kiingereza. Nilimfasiria mwenyewe kupitia dirisha la wageni, mstari kwa mstari, na kila mstari alikuwa na jibu. Mkalimani wa bure ni haki chini ya Kifungu cha 50(2)(m). Ila mkalimani hana wa kumfasiria kama mwenyewe hayupo.

5. Hakuna anayeulizwa.

"Hajaletwa." Wanafunzi wangu wangeitambua hiyo: kauli ya kutendwa, mtenda kafichwa. Hajaletwa na nani? Gereza linasema halikupata agizo la kumtoa. Karani anasema agizo lilitumwa. Dereva anasema lori lilijaa. Polisi wa mahakamani wanasema wao hupokea tu. Nilipita milango hiyo yote minne siku moja, na kila mmoja alikuwa na adabu na kila mmoja alinionyesha mlango wa mwenzake. Katika mwenendo wa kesi uliobaki kwenye faili pameandikwa maneno mawili tu, mahabusu hajaletwa, bila sababu na bila jina. Ndiyo maana nimekuandikia wewe kama mwenyekiti wa Baraza: ni meza ya kitaifa ambapo mahakama, upande wa mashtaka, polisi, magereza na probesheni huketi pamoja.

Najua majibu yanayokuja, mengine nimeshayapata.

Wapo watakaosema wakili akiwepo yatosha. Kwa mwenye wakili aliyezungumza naye jana, pengine. Wengi wa wale niliowakuta rumande hawakuwa na wakili, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 haijawafikia kwenye benchi lile. Hata mwenye wakili, wakili hujua alichoambiwa. Kipya kikisomwa pale mahakamani hana wa kugeukia kumnong'oneza.

Wapo watakaosema mafuta na magari hayatoshi. Nawaamini. Nimeliona lori lenyewe. Lakini uhaba huo ulimlipisha nani? Haukumlipisha aliyeshindwa kuleta. Ulimlipisha aliyeshindwa kuletwa. Kama lori halikuja, uamuzi usogezwe hadi kesho, si kuamuliwa leo na kusubiri mwezi. Na siku 71 za kumlisha na kumlinda mtu ambaye hakupasa kuwepo pale nazo zina gharama, ingawa hazionekani kwenye kitabu cha mafuta.

Kisha video. Hapa naomba niseme zaidi kidogo, kwa sababu ndilo jibu la kisasa na nahofia litapitishwa kama dawa ya kila ugonjwa. Tangu Machi 2020, korona ilipofunga milango ya mahakama, vikao vya mtandaoni vilitusaidia, na mtu wa Turkana au wa visiwa vya Lamu, ambako safari ya mahakamani yaweza kumaliza siku, huenda akapata haki upesi zaidi kwa skrini kuliko kwa barabara. Siipingi teknolojia. Lakini nimeketi nikaitazama ikifanya kazi. Wanaume sita kwenye benchi moja, kamera imekamata vipaji vya nyuso tu. Askari jela ndiye mwenye kuwasha na kuzima sauti. Hakimu anauliza, "Mnanisikia?", wote wanaitikia kwa kichwa, na hakuna njia ya kujua wanaitikia kusikia au wanaitikia kuitwa. Mmoja alianza kusema kitu, sauti ikakatika. Iliporudi tayari alikuwa anasemewa tarehe.

Wenzetu walishapita njia hiyo. Huko Cook County, Chicago, nchini Marekani, mwaka 1999 walianza kusikiza dhamana za makosa mengi ya jinai kwa njia ya televisheni, mshtakiwa akiwa chumba kingine. Watafiti walipolinganisha rekodi za kabla na baada, utafiti wao ukatoka 2010, walikuta wastani wa kiasi cha dhamana katika makosa yaliyohamishiwa kwenye televisheni ulipanda kwa asilimia 51, huku makosa yaliyobaki kusikizwa ana kwa ana yasionyeshe ongezeko kama hilo. Kaunti ilishtakiwa, na kufikia mwishoni mwa 2008 ilikuwa imewarudisha watu mbele ya majaji. Majaji wale hawakuwa wabaya kuliko wetu. Mtu kwenye kioo hupungua, basi.

La mwisho, watu wa karibu yangu ndio walioniuliza: je, unataka kila mtu aburutwe mahakamani hata asipotaka? Hapana. Kuwepo ni haki yake, na mwenye haki anaweza kuisamehe. Akiwa mgonjwa, au wakili wake anaomba masharti yapunguzwe na yeye ameridhia kutosafiri, kikao kiendelee. Mahakama Kuu ina uwezo, chini ya kifungu cha 123(3) cha Sura ya 75, wa kuagiza dhamana itolewe au ipunguzwe, na ingekuwa kichekesho kumcheleweshea mtu nafuu eti kwa sababu hayupo kuipokea. Lakini kusamehe haki kuwe kwake yeye, kwa sahihi au kidole gumba chake, katika lugha anayoielewa. Kusiwe kwa lori kukosa nafasi.

Kwa hivyo, Mheshimiwa, ninaomba haya:

(a) Utoe maelekezo kwa mahakama zote kwamba hakuna dhamana itakayokataliwa, kufutwa au kuwekewa masharti, wala muda wa kuzuiliwa kuongezwa, mshtakiwa akiwa hayupo, isipokuwa ameridhia kwa maandishi au mwenendo wake mwenyewe umekizuia kikao. Mwongozo wa Sera ya Dhamana wa 2015 tunao. Ufanyiwe marekebisho useme hivyo waziwazi.

(b) Asipoletwa, hakimu aandike kwenye faili sababu na jina la afisa aliyepaswa kumleta, na kikao kirudiwe siku ya kazi inayofuata. Si wiki mbili. Si mwezi.

(c) Kufika mara ya kwanza kuwe kwa mwili popote inapowezekana. Video ikitumika baadaye, mtu apewe dakika zake na wakili wake bila askari kusikiliza, na hakimu amwone mzima, si paji la uso.

(d) Ripoti ya probesheni isomewe mshtakiwa kabla ya kuwekwa mbele ya hakimu, na aulizwe: ni kweli? Nakiri hili ndilo ninalolitamani kuliko yote, pengine kwa sababu ya ile sentensi ya "mawasiliano na jamaa hayakupatikana".

(e) Kila mahakama ihesabu na kubandika ubaoni, kila mwezi, ni mahabusu wangapi hawakuletwa siku zao. Idadi hiyo mtu yeyote anaweza kuikusanya. Rejista ya kila siku ipo.

Siombi mpwa wangu afutiwe kesi. Ushahidi utasikizwa, na kama ana hatia, sheria ifuate mkondo wake. Mama yake ameshamwambia hivyo, na mimi nimemwambia hivyo. Siombi fidia ya siku 71. Naomba jibu la maandishi katika siku thelathini, na likija nitalisoma kwa sauti katika baraza la naibu wa chifu, liwe la ndiyo au la hapana.

Kesi yake itatajwa tena Jumanne ijayo saa tatu. Hatakuja na lori safari hii. Tutapanda matatu ya saa kumi na mbili asubuhi, tukae benchi la mbele, na faili likiitwa atasimama mwenyewe aseme, "Nipo."

Wako mtiifu,

Mwalimu mstaafu,
Pwani ya Kenya.